Usipoziba Ufa: Kwa Nini Uharibifu Katika Usafiri wa Umma Lazima Urekebishwe Mapema

Kiti cha matatu hakiharibiki kwa siku moja. Abiria wa kwanza hutoboa kitambaa kwa ncha ya kalamu. Anayekalia kiti hicho baadaye hupitisha kidole kwenye tundu na kulipanua. Wa tatu huchomoa sponji huku akisubiri gari lijae. Kabla ya mwezi kwisha, mtu analipa nauli kamili ili aketi juu ya chuma. Kuta za steji huharibika vivyo hivyo: jina moja lililoandikwa kwa rangi huita mengine kumi. Nayo taa ya barabarani iliyozimika kwa wiki mbili bila kushughulikiwa, machoni pa mwizi wa nyaya huonekana kuwa taa isiyo na mwenyewe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Makala haya yanaeleza jinsi uharibifu wa vifaa vya usafiri wa umma unavyoanza, unavyomgharimu mkazi wa Mombasa, ni nani anayewajibika kwa kila kifaa, na kwa nini kuripoti na kutengeneza mapema kunafaa kuliko kusubiri mhusika akamatwe.

HASARA INAMFIKIA NANI?

Watu wengi hudhani kwamba mali ya umma ikiharibiwa, anayepata hasara ni serikali. Lakini fedha za kaunti hutokana na mgao wa kitaifa pamoja na ada na ushuru unaolipwa na wakazi: ada za maegesho, leseni za biashara, ushuru wa soko na kodi ya ardhi. Nguzo ya taa iking'olewa, fedha za kuirejesha hutoka katika kapu lilelile ambalo lingewekea mtaa mwingine taa kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo mtaa mmoja hupoteza mwanga, na mwingine huendelea kuusubiri.

Katika matatu, hasara hupitia kwa mwenye gari kabla ya kumfikia abiria. Viti vinavyoshonwa upya, vioo vinavyobadilishwa na siku ambazo gari limelala gereji, vyote huingia katika hesabu ya nauli.

Hasara kubwa zaidi ni ya usalama. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo Wakenya wengi huziita Kanuni za Michuki kutokana na jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zililazimisha magari ya abiria kuwa na mishipi ya usalama na vidhibiti mwendo. Mshipi uliokatwa kwa wembe au kifungo chake kilichojazwa chingamu hauna kazi siku ya ajali, hata kama gari lilipita ukaguzi mwezi uliotangulia. Vyuma vya kingo vilivyofunguliwa kwenye kona ya barabara huacha mwanya ambao gari linaweza kupitia hadi bondeni. Mtaro uliopoteza kifuniko humsubiri mtoto wa shule au mwendesha bodaboda usiku wa mvua.

Hali ni hiyo hiyo majini. Kivuko cha Likoni huvusha takriban watu 300,000 kwa siku. Maboya na jaketi za kuokoa maisha zinaweza kukaa muda mrefu bila kutumiwa, na ndiyo sababu baadhi ya watu huzichezea. Mombasa haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na watu 272 wakafariki. Msiba huo haukutokana na uharibifu unaojadiliwa hapa, lakini unakumbusha kwamba kifaa cha uokoaji huhitajika kwa dakika chache tu, na katika dakika hizo hakuna nafasi ya kutafuta kingine.

Steji yenye giza nayo huamua nani asafiri na nani asisafiri. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mama anayefika Kongowea alfajiri kununua mboga za kuuza, na mwanafunzi wa masomo ya jioni, wote hutegemea taa moja ili waone nani amesimama karibu nao.

UHARIBIFU WA AINA TATU

Kuzuia uharibifu huanza kwa kutambua unatokana na nini, kwa sababu dawa ya aina moja haitibu nyingine.

Aina ya kwanza ni wizi wa kuuza. Nyaya za shaba, vyuma vya kingo, alama za barabarani, vifuniko vya mitaro na betri za taa za sola huibwa kwa sababu kuna mnunuzi. Mwizi hulipwa kwa kilo, lakini gharama ya kurejesha haipimwi kwa kilo: kuna kifaa kipya, lori, mafundi, na muda ambao eneo limekaa bila huduma. Nchi nzima ilionja matokeo ya wizi huo tarehe 11 Januari 2022, umeme ulipokatika kote baada ya minara ya kusafirisha umeme kuanguka Nairobi, na uharibifu wa minara hiyo ukatajwa kuwa chanzo. Siku chache baadaye serikali ya kitaifa ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, marufuku ambayo iliondolewa baadaye mwaka huohuo.

Aina ya pili ni mazoea. Hapa hakuna anayepata pesa. Ni kijana anayeandika jina lake nyuma ya kiti, abiria anayebandika chingamu, au kundi linalokwaruza kioo cha dirisha kwa sarafu. Mara nyingi mhusika hajioni kuwa mhalifu kwa sababu anachokiharibu tayari kina alama za waliomtangulia.

Aina ya tatu ni hasira. Gari hupigwa mawe au kuchomwa baada ya ajali, ugomvi wa nauli au vurugu za barabarani. Hasira inaweza kuwa na sababu ya haki, lakini gari lililochomwa halimlipi majeruhi. Linaweza pia kuteketea na ushahidi ambao wachunguzi wangeutumia kueleza kilichotokea, kama vile hali ya breki, magurudumu na kidhibiti mwendo.

Aina ya kwanza huzuiwa kwa kufunga soko la mali ya wizi, na ya pili kwa kufuta alama kabla hazijazaa nyingine. Ya tatu inahitaji njia ya kupeleka malalamiko inayojulikana na inayojibu: ofisi ya sacco, kituo cha polisi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA).

SI KILA MCHORO NI UHARIBIFU

Kenya ina utamaduni wa matatu zilizochorwa. Nganya yenye sura za wanamuziki, wachezaji wa kandanda na maandishi ya rangi kali ni kazi ya msanii aliyelipwa, juu ya mali ya mtu aliyekubali. Mwaka 2014, baada ya mvutano wa muda mrefu kati ya wenye magari na polisi, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza matatu zisisumbuliwe kwa sababu ya michoro, akieleza kwamba sanaa hiyo ni ajira kwa vijana.

Tofauti kati ya sanaa na uharibifu, basi, haiko katika rangi iliyotumika. Iko katika ruhusa. Mchoro uliokubaliwa na mwenye mali ni sanaa. Jina lililopulizwa usiku kwenye ukuta wa steji, kwenye alama ya barabara au nyuma ya kiti cha mtu mwingine ni uharibifu, hata kama mkono ulioliandika una kipaji. Mchoro unaofunika alama ya barabarani ni hatari zaidi, kwa kuwa dereva mgeni hatajua kuna kona au tuta mbele yake.

Kipaji hicho kinaweza kutumika vizuri. Ukuta mtupu hualika wino, lakini ukuta uliochorwa na vijana wa mtaa wenyewe kwa makubaliano huwa na walinzi, kwa kuwa waliouchora hupita hapo kila siku. Kikundi cha vijana au shule inayotaka kupamba ukuta wa steji inapaswa kwanza kupata idhini ya maandishi ya mwenye ukuta, iwe ni idara ya kaunti, shirika la umma au mtu binafsi.

SOMO KUTOKA NEW YORK

Mji uliojifunza kwa gharama kubwa umuhimu wa kurekebisha mapema ni New York, Marekani. Katika miaka ya 1970, mabehewa ya treni zake za chini ya ardhi yalifunikwa na michoro ndani na nje, hata ramani na madirisha yakawa hayaonekani. Wahusika walikamatwa na mabehewa yakapakwa rangi upya, lakini mabehewa safi yaliporudi njiani yalichorwa tena. Rangi mpya ikawa turubali jipya.

Mwaka 1984, chini ya uongozi mpya wa David Gunn, mamlaka ya treni za mji huo ilianza mpango wenye kanuni moja: treni ikishasafishwa, haitabeba abiria tena ikiwa na mchoro. Ikichorwa usiku, husafishwa kabla ya safari. Ikishindikana, huondolewa njiani hadi itakapokuwa safi. Kazi ilifanywa njia moja baada ya nyingine, na yadi zinakolala treni zikalindwa. Mji huo ulikuwa na zaidi ya mabehewa 6,000, na tarehe 12 Mei 1989 behewa la mwisho lenye michoro liliondolewa katika huduma.

Mpango huo ulifaulu kwa sababu ulimnyima mchoraji kile alichokitafuta, yaani jina lake kuonekana likipita mjini. Mchoro ambao hakuna abiria anayeuona haulipi gharama ya rangi wala hatari ya kukamatwa. Lakini kanuni hiyo ilihitaji wasafishaji, vifaa na bajeti ya kila siku kwa miaka mitano mfululizo. Usafi wa wiki moja wakati wa sherehe haungetosha.

Mombasa haina treni za chini ya ardhi, lakini kanuni hiyo inafaa kwa sacco yenye matatu thelathini na kwa steji yenye ukuta mmoja. Makanga anaweza kutembea kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma kila mwisho wa safari ya mwisho, kwa dakika mbili, akiangalia mishipi, viti, vioo na mlango wa dharura. Kiti kilichotoboka kikishonwa usiku huohuo, abiria wa kesho hatakuwa na tundu la kuingiza kidole.

KUZUIA KABLA HAIJATOKEA

Vifaa vyenyewe vinaweza kuchaguliwa ili visivutie uharibifu. Boliti zinazofunguka kwa kifaa maalumu pekee, au zilizochomelewa, humchelewesha mwizi. Alama za barabarani za plastiki ngumu hazina bei kwa mnunuzi wa vyuma. Vifuniko vya mitaro vya zege vinaweza kuchukua nafasi ya vile vya chuma. Betri ya taa ya sola iliyowekwa juu ya nguzo, ndani ya kisanduku cha taa, ni ngumu kuifikia kuliko iliyowekwa chini.

Ndani ya gari, viti vya plastiki ngumu au vya ngozi ya bandia nzito hustahimili wembe kuliko kitambaa chepesi. Rangi ya mafuta inayong'aa kwenye kuta za steji hufutika kwa urahisi kuliko chokaa au rangi ya maji, ambazo hufyonza wino.

Wino wa kalamu kwenye plastiki au chuma mara nyingi hutoka kwa kitambaa chenye spiriti ukishughulikiwa mapema. Mfutaji ajaribu kwanza sehemu ndogo iliyofichika, afungue milango na madirisha, na asiwe karibu na moto wala sigara, kwa kuwa spiriti hushika moto haraka. Kuta za kale za mawe ya matumbawe katika Mji wa Kale zisisuguliwe kwa brashi ya waya wala kumwagiwa asidi. Mawe hayo ni laini na huliwa haraka, na eneo hilo limehifadhiwa kisheria, hivyo Makavazi ya Taifa ya Kenya yaarifiwe kwanza.

NANI ANAWAJIBIKA?

Ripoti nyingi hupotea kwa kupelekwa ofisi isiyohusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu nchini (KeNHA), na barabara za kitaifa za mijini chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA). Feri za Likoni zinasimamiwa na Halmashauri ya Bandari nchini (KPA), na reli pamoja na vituo vyake ni vya Shirika la Reli nchini. Matatu ni mali ya mwenye gari chini ya sacco au kampuni yake, na NTSA ndiyo hutoa leseni na kusimamia ukaguzi.

Mkazi asiyejua kifaa ni cha nani hahitaji kukaa kimya. Aanzie ofisi ya msimamizi wa wadi iliyo karibu, miongoni mwa wadi 30 za kaunti, au kwa chifu wa eneo lake, na ripoti ielekezwe panapohusika.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba anayeharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria anatenda kosa na anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Anayepokea au kusaidia kuuza mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, yuko katika hatari kubwa zaidi: chini ya kifungu cha 322, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kwa maneno mengine, chini ya vifungu hivi viwili, mnunuzi wa nyaya za taa anaweza kufungwa miaka mingi kuliko aliyeharibu nguzo.

Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 nayo inamtaka kila anayefanya biashara hiyo awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua na anayemuuzia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo ndilo linalomlinda mfanyabiashara mwaminifu polisi wanapofuatilia mzigo. Anayeletewa kipande cha alama ya barabara, chuma cha kingo au kifuniko cha mtaro hahitaji uchunguzi kujua kimetoka wapi. Vitu hivyo haviuzwi na mtu binafsi.

Sheria pia inamlinda mshukiwa. Kumpiga au kumchoma anayedaiwa kuiba nyaya ni kosa la jinai. Mshukiwa akabidhiwe polisi.

JINSI YA KURIPOTI

Ripoti nzuri ni fupi na ina mambo manne: kifaa gani, kiko wapi, kimeharibiwa vipi, na kilionekana lini. "Taa ya steji imezimika" haimsaidii fundi. "Taa ya pili kutoka lango la shule, upande wa baharini, imezimika tangu Jumatatu na nyaya zinaning'inia" humpeleka moja kwa moja. Kama nguzo ina namba, iandikwe. Picha husaidia, mradi ipigwe bila kuhatarisha maisha.

Nyaya zilizo wazi au zilizoanguka zisiguswe hata kama taa imezimika. Watoto waondolewe karibu na Kenya Power ipigiwe simu kwa nambari 97771. Anayeona uharibifu ukiendelea apige 999 au 112 akiwa mahali salama, na asijaribu kuwakabili wahusika peke yake.

Ndani ya matatu, abiria amwambie makanga anaposhuka, akitaja kiti chenyewe: "Mshipi wa kiti cha pili nyuma ya dereva umekatwa." Ikiwa gari hilohilo linaonekana tena bila kutengenezwa, abiria aandike namba ya usajili na kuipeleka kwenye ofisi ya sacco, kisha NTSA. Mzazi naye amweleze mtoto kwamba kiti alichokichora asubuhi ndicho bibi yake atakachokalia jioni.

KUTENGENEZA KUNAHITAJI BAJETI

Kuripoti mapema hakutoshi ikiwa hakuna fedha za kutengeneza mapema. Miradi mipya hupendwa kwa sababu huonekana, huku fungu la matengenezo likisahaulika hadi kifaa kife kabisa. Hapa sauti ya mkazi ina uzito wa kisheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ushirikishi wa umma ni sehemu ya safari hiyo.

Katika vikao hivyo wakazi wa wadi wanaweza kuuliza maswali mawili rahisi kabla ya kuomba taa mpya: ni taa ngapi kati ya zilizopo zinawaka, na ni kiasi gani kimetengwa kuzitunza? Orodha ya taa zilizozimika na mitaro isiyo na vifuniko, iliyoandaliwa na wakazi wenyewe pamoja na mahali zilipo, ni hoja ngumu kupuuzwa.

Steji salama hutegemea makanga anayekagua viti, mfanyabiashara wa vyuma anayekataa mzigo wa wizi, fundi anayefika mapema, na mkazi anayetoa ripoti siku ileile aliyoona tundu la kwanza. Wadi ambayo taa yake imezimika leo inaweza kuanza na ripoti moja katika ofisi ya msimamizi wa wadi, siku za kazi.